Swali Lililofutwa

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya tatu. Kiilu yuko mochari na mimi niko ofisini Westlands, orofa ya tisa, naandika kuhusu kabaila wa Uingereza aliyezamishwa ndani ya pipa la mvinyo. Ndiyo kazi. Mteja wetu wa ng'ambo anataka kurasa za maswali na majibu kwa Kiswahili, na zamu hii mada ni wakubwa wa Uingereza wa kale na vifo vyao vya kutatanisha. Yale maswali watu wanayouliza sana. Kumi na mawili kwa siku. Debra, msimamizi wangu, aliniambia nichukue likizo. Nikakataa. Nikae nyumbani nifanye nini — nitazame ukuta?

Pipa la mvinyo: Clarence, ndugu wa mfalme, 1478. Labda ni kweli, labda ni porojo. Nimeandika "inasemekana" mara saba. Debra anaipenda sana "inasemekana".

Kaka yangu. Miaka thelathini na tisa. Fundi wa lifti — hizi lifti za Westlands, nusu yake amezitia mkono. Leo nimepanda ngazi, orofa zote tisa. Nimefika juu nahema na hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumapili asubuhi alitapika damu bafuni kwao Parklands. Kabla teksi haijafika hospitali alikuwa ameshakata roho. Naliaka, mke wake, alinipigia simu akataja jina langu mara tatu, akashindwa kuendelea.

Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani Makueni. Anko Kitonga, mdogo wake marehemu baba, ndiye mwenyekiti wa kamati. Mimi nimepewa wasifu wa marehemu, ule wa kuchapishwa kwenye kijitabu na kusomwa kanisani. Eti kazi yangu si ni kuandika? Ndiyo, Anko. Kazi yangu ni kuandika.

Jumatano, 10 Septemba

Kikao cha kamati, katikati ya mji, orofa ya pili ya ile hoteli ya chai ya maziwa na mandazi magumu. Saa kumi na moja jioni, watu wametoka kazini. Maombi, kisha gari la kubebea maiti, kisha hema, kisha nani atapika. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Shangazi Kavindu aliposogeza kiti.

Aliuliza Kiilu alikula nini Jumamosi. Mtu akasema kuku. Akauliza nani alipika. Jibu lilikuwa limeshakaa pale mezani. Naliaka hakuwepo, alibaki nyumbani na wageni. Miaka tisa ya ndoa ya kanisani, na kwa Shangazi bado ni "yule msichana wa Bungoma".

"Mtu hatapiki damu hivi hivi," Shangazi akasema.

Anko Kitonga akakata maneno. Hataki upasuaji wa maiti. Utachelewesha mazishi, utaleta ugomvi, na mtu harudi kwa kukatwakatwa. Mimi niandike tu ile sentensi: ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Vijitabu vyote vya mazishi nilivyowahi kushika vina sentensi hiyo. Risasi, ajali, pombe, chochote kile — muda mfupi!

Niliona Shangazi amekosea na nikanyamaza.

Nimetembea kutoka mjini mpaka kwangu Hurlingham kwa miguu. Viatu vimenichubua. Nimefika, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Haya, niandike. Hiki ni kitabu changu, hakisomwi na mtu.

Mimi ndiye niliyempelekea Kiilu dawa. Vidonge vya maumivu, vile vikali. Mgongo ulimkamata mwezi uliopita akibeba mota ya lifti. Naliaka alimkataza dawa za namna hiyo kwa sababu ya vidonda vyake vya tumbo. Alimkataza pilipili, akamkataza soda, akamkataza na hizo. Kwa hiyo akaniomba mimi. Mara tatu ndani ya wiki mbili. Jumamosi nilimpelekea mpaka langoni kwao, Naliaka akiwa mazoezi ya kwaya. Alivitia kwenye mfuko wa ovaroli akacheka. "Usimwambie Naliaka. Atanipeleka hospitali."

Yule wa duka la dawa hapa Hurlingham aliniuliza kama mgonjwa ana shida ya tumbo. Nikasema hana. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na maswali matano ya kumaliza. Nilijua kuhusu vidonda tangu Kiilu akiwa kidato cha tatu.

Basi. Nimeiandika.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo Humphrey, mtawala wa Gloucester, 1447. Alikamatwa, siku chache baadaye akafa. Mwili ukaonyeshwa hadharani, hauna jeraha. Wanahistoria wengi wanadhani ni kiharusi tu. Lakini watu walisema sumu, na wakaendelea kusema sumu kwa miaka na miaka. Watu hawataki ugonjwa. Wanataka mtu.

Halafu Edward wa Pili, 1327. Mfalme aliyeng'olewa madarakani, akafia ngome ya Berkeley, mwezi kama huu. Maswali ni yale yale: aliuawa? nani aliagiza? mkewe alihusika? Nikiwa natafuta majibu nikakutana na kitu kidogo. Imeandikwa kwamba kuna mwanamke aliyeutengeneza mwili wa mfalme, akautoa matumbo na kuutia dawa usioze. Baada ya mazishi malkia akaagiza mwanamke huyo aletwe kwake. Akapelekwa. Waliongea nini, haijulikani. Jina lake halikuandikwa.

Nikatunga swali la kumi na tatu: Mwanamke aliyeutengeneza mwili alimwambia nini malkia?

Debra amelifuta. Alikuja mpaka mezani kwangu kunieleza, kwa upole, ananihurumia siku hizi. "Ndanu, hii hakuna mtu huuliza. Na hata jibu hauna."

Ni kweli. Lakini nimeshinda nikimfikiria huyo mwanamke. Wakuu wote wa ngome walikuwa na la kusema, na yeye peke yake ndiye aliyemshika mfalme kwa mikono. Alisafirishwa siku ngapi? Aliambiwa anaitiwa nini? Huko njiani alikuwa akipanga maneno, au alikuwa ameamua kunyamaza?

Nimempigia Naliaka wakati wa chakula cha mchana nikitaka kumwambia habari ya vidonge. Akapokea. Nikamuuliza kama amekula.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeharibu. Mungu wangu, nimeharibu!

Anko alitaka wasifu kabla ya saa saba, ndugu wote wausome kwenye kundi la WhatsApp, familia nzima, watu sitini na kitu. Nilikuwa nimefungua faili mbili kwenye kompyuta. Moja ni ya Kiilu. Nyingine ni ya Debra. Nikanakili, nikabandika, nikatuma, nikaenda kuchukua chai.

Nilichotuma ni hiki, neno kwa neno:

"Je, mke wake alihusika na kifo chake? Ushahidi wa moja kwa moja haupo. Hata hivyo, wengi waliamini kwamba mke alijua. Tayari alikuwa na mwandani wake, na mume alipoondolewa, hao wawili ndio walioshika kila kitu."

Hakuna jina. Hakuna Edward wala Uingereza. Debra hutuambia tusirudie majina kwenye majibu, yanachosha msomaji.

Niliporudi na kikombe, watu arobaini walikuwa wameshasoma. Nikafuta. Kufuta nako ni ushahidi — aliyefuta ana cha kuficha. Shangazi alikuwa ameshapiga picha ya ujumbe na kuusambaza kwa wasiokuwemo. Mama akapiga simu kutoka Makueni, analia, ananiuliza mwandani huyo ni nani. Nikamwambia Mama, hayo ni ya malkia wa Uingereza, miaka mia saba iliyopita. Akaniuliza kama nimelala vizuri siku hizi.

Nimeandika maelezo kwenye kundi. Marefu, yenye tarehe na kiungo cha kusomea. Dada mmoja wa ukoo akajibu kwa mikono miwili ya maombi. Shangazi akanipigia.

"Usiogope, Ndanu. Wewe ndio umesoma. Umeandika kitu yote tulikuwa tunafikiria."

Nikamwambia nilikosea faili. Akasema, sawa mwanangu, tuseme hivyo.

Naliaka yumo kwenye hilo kundi. Alama zake mbili za bluu zilionekana saa saba na dakika nne.

Jumamosi, 13 Septemba

Amekuja. Sikutegemea. Saa nne asubuhi, Hurlingham, amevaa leso nyeusi kichwani na viatu vya Kiilu vya bafuni, nadhani hata hakuviona miguuni mwake. Hakukaa.

"Ulikuwa unamaanisha mimi?"

Nikawasha kompyuta. Nikamwonyesha kila kitu: picha ya ngome, mfalme, malkia, maelekezo ya Debra. Yeye akavuta kiti, akasoma taratibu, kwa kidole, jinsi anavyowasomea watoto wa chekechea anakofundisha. Akasoma wa pipa la mvinyo. Akasoma wa kiharusi. Akafika kwenye yule mwanamke, maana kwenye nakala yangu sijalifuta lile swali.

"Huyu alimwambia nini malkia?"

Nikamwambia haijulikani.

"Mimi pia ningemuita," akasema. "Mtu amemgusa mume wangu mwisho. Ningetaka tu kumuuliza aliona nini. Hata kama ni kitu mbaya."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Alinipa nafasi, akaiweka mbele yangu kama sahani ya chakula. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka na alitaka kujua. Nilifungua mdomo nikamuuliza kama atakunywa chai.

Alikunywa. Akanieleza kwamba Jumamosi ile Kiilu alikula kidogo, akasema kuku ni mzuri, akakataa supu. Anajilaumu kwa mafuta ya kuku. Mafuta ya kuku! Alijua mume ana vidonda, anasema, na alimwekea mafuta. Anaiweka hatia yake juu ya kijiko kimoja cha mafuta na mimi nakoroga sukari.

Alipoondoka nilisimama dirishani mpaka akapotea kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Kisha nikaosha kikombe chake.

Najichukia. Niseme tu hivyo, hakuna namna nyingine ya kulisema.

Jumatatu, 15 Septemba

Anko Kitonga amegeuka. Yeye aliyekataa upasuaji sasa anautaka. Kikao kimekuwa cha moto, pale pale kwenye hoteli, watu wanasema familia haitazika na maswali tumboni. Upasuaji umepangwa Jumatano. Wazee wanataka mambo mawili. Kwanza, vitu vyote vya Kiilu vya siku zile za mwisho vipelekwe kwa daktari, nguo na mabaki ya chakula kama yapo, asije mtu akasema vimefichwa. Pili, kwenye wasifu nisiandike jina la Naliaka mpaka majibu yatoke. Pale panapoandikwa "ameacha mjane", niache wazi.

Nikasema siachi wazi.

Anko akaniambia kwa sauti ya chini, si kwa ukali, kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyeanzisha. Na ndivyo ilivyo. Huwezi kuwasha moto kisha ukawafokea wanaouota.

Naliaka alikuwepo safari hii, karibu na mlango. Akaulizwa kama ana pingamizi.

"Wafanye. Hata leo."

Shangazi akasema mtu asiye na hatia kweli angelia. Huu ni wazimu — Naliaka angelia, Shangazi angesema analia kwa hofu.

Mimi niliomba kwenda msalani. Nilikaa humo mpaka mtu akagonga. Nahesabu: Jumatano. Daktari atamfungua kaka yangu na kuona tumbo lililotobolewa, na kama ni mjuzi atauliza kuhusu dawa. Nikisema kabla, nimesema mwenyewe. Nikisema baada, nimekamatwa. Nisiposema, ni Naliaka.

Naona nimeandika "nisiposema". Bado naiweka kwenye orodha.

Jumanne, 16 Septemba

Debra amenirudisha nyumbani. Nimeandika jibu lilelile mara nne.

Nilipita kwenye duka la dawa. Kijana yule yule wa kaunta ananikumbuka, akaniuliza mgongo wa kaka unaendeleaje. Nikasema haumsumbui tena. Nikatoka nikiwa nimenunua peremende.

Nimejaribu kuandika barua kwa Naliaka. "Wifi yangu mpendwa." Nikakata. "Naliaka, kuna jambo." Nikakata. Nikajikuta nimeandika "inasemekana". Nimeichana hiyo karatasi vipande vidogo sana.

Wasifu umekwisha. Nimeliandika jina lake, kamili, kwenye mstari wake. Ile sentensi ya muda mfupi nimeitoa. Mahali pake hapana kitu, sijui niandike nini, na mchapishaji wa River Road anaungoja kesho jioni.

Jumatano, 17 Septemba

Mochari, kwenye benchi la korido. Saa tatu na dakika kumi. Tumekuja wanne: Anko, Shangazi, Naliaka, mimi. Sheria inataka ndugu wautambue mwili. Anko na mimi tuliingia. Ni yeye. Wamemchana nywele upande ambao hachani. Nilitaka kumrudishia na nikashindwa kunyoosha mkono.

Tumetoka. Wameanza.

Naandika ili nisiinue macho. Naliaka amekaa mkabala nami, na mfuko wa nailoni mapajani. Ameleta kila kitu alichoambiwa. Sufuria ya supu ikiwa na mabaki yaliyogandishwa. Shati. Taulo la bafuni, halijafuliwa. Na ovaroli ya kazini, ameikunja vizuri kama ya kwenda nayo safari.

Ovaroli.

Sikuifikiria. Siku zote hizi nimefikiria tumbo la Kiilu na sikufikiria mfuko wake.

Zimepita dakika ishirini. Daktari ametoka mara ya kwanza, mama mmoja mfupi, miwani imesukumwa juu ya nywele. Ameuliza kama marehemu alikuwa na vidonda vya tumbo. Naliaka akasema ndiyo, tangu shule. Akaanza kueleza chakula, asubuhi, mchana, jioni, hadi chumvi, na akaungama yale mafuta ya kuku mbele ya wote, sauti imenyooka. Shangazi akaguna. Daktari akasema mafuta si kitu. Akauliza dawa.

"Hakuwa anameza dawa yoyote," Naliaka akasema. "Mimi nilimkataza."

Daktari akamwangalia kidogo. Akachukua ule mfuko wa nailoni akarudi ndani.

Shangazi ameanza kuomba kwa Kikamba, chini chini. Anko anapangusa viatu kwa leso. Naliaka ameniangalia akanitabasamia. Mimi! Anafikiri nimekuja kusimama upande wake.

Saa nne kasoro. Mlango umefunguka.

Daktari ana ile ovaroli mkono mmoja, na mwingine ameshika kikaratasi cha rangi ya fedha cha kufungia vidonge. Vishimo kumi, vyote vitupu. Anasema kimetoka kwenye mfuko wa ovaroli, na kingine kama hicho. Anasema mtu mwenye vidonda hakupaswa kupewa hizi hata siku moja. Ameuliza swali moja tu, wala hakumwuliza mtu maalumu: nani alimpa?

Anko amegeuza kichwa. Shangazi ameacha kuomba na kidole chake kimeshafika kwa Naliaka. Naliaka anatazama hicho kikaratasi, anatazama ovaroli aliyoikunja mwenyewe.

Yule mwanamke wa Berkeley angalau aliitwa. Mimi hakuna aliyeniita. Itabidi niinuke mwenyewe.